Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kufufua na kuchaji pakiti za drili za betri za zamani

Drili za kuchaji za miaka ya tisini na elfu mbili bado zinaingia na mizigo ya mtumba kutoka Japani, Uingereza na Dubai. Ukiishika unaona mota nzima, gia nzima, plastiki haijapasuka, lakini betri imekufa. Muuzaji anakwambia "inahitaji kuchajiwa tu". Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa kibandani karibu kila wiki, na nimeyapanga kama yanavyonijia.

Fundi, betri yote imekufa au kuna seli moja tu mbovu?

Mara nyingi ni moja au mbili. Ndani ya lile boksi la plastiki hamna betri moja, kuna seli zimepangwa mkia kwa kichwa. Kila seli ya nikeli ina volti 1.2, kwa hiyo pakiti ya volti 7.2 ina seli 6, ya 9.6 ina 8, ya 12 ina 10, ya 14.4 ina 12 na ya 18 ina 15. Chaji usiku, acha ipumzike saa moja, kisha pima kila seli peke yake kwa mita. Nzima zitasoma kama 1.3. Ukikuta moja inasoma 0.0, hiyo imepiga shoti kwa ndani.

Usiishie hapo lakini. Seli inaweza kuonyesha 1.3 ikiwa imekaa, ikipewa kazi inaanguka. Mimi hutumia rezista ya omu 1, ya wati 5, naibana kwenye ncha mbili za seli na kutazama saa. Inavuta ampea 1 na kidogo. Seli ya mAh 1300 (mAh ni kipimo cha umeme ambao seli inahifadhi) iliyo na afya inapaswa kukaa juu ya volti 1.0 kwa takriban saa moja. Inayoporomoka ndani ya dakika kumi ndiyo mgonjwa wako, hata kama ilikuwa na sura nzuri kwenye mita.

Hiyo dhaifu ndiyo inayowaua wenzake. Inakwisha kwanza, zingine bado zina nguvu na zinaendelea kusukuma umeme kupitia kwake, ncha zake zinageuka: chanya inakuwa hasi. Ndiyo maana nawakataza wateja kubana kitufe cha drili mpaka isimame kabisa. Ikianza kuchoka, iachie.

Nitajuaje ni nikeli-kadimi, nikeli-haidraidi au lithiamu?

Soma chini ya pakiti: Ni-Cd, Ni-MH au Li-ion. Kama lebo imefutika, tazama volti. Zenye 7.2, 9.6, 12 na 15.6 karibu zote ni nikeli. Volti 14.4 na 18 zinaweza kuwa chochote, kwa hiyo fungua uone. Seli fupi nene yenye kipenyo cha milimita 22 hivi na urefu wa 43 ni nikeli. Ile nyembamba ya 18 kwa 65 ni lithiamu.

Ni-Cd si kitu kipya. Waldemar Jungner wa Sweden aliibuni mwaka 1899, na Black & Decker walipotoa drili ya kwanza isiyo na waya mwaka 1961, humo ndani zilikuwa seli hizo hizo. Umoja wa Ulaya uliziacha kwenye zana za mkono mpaka mwisho wa mwaka 2016, kisha ukazipiga marufuku sokoni. Mzigo wa kutoka Ulaya uliotengenezwa kabla ya hapo, tegemea kukuta kadimi.

Nimeona fundi "anaamsha" betri kwa kuigusisha na betri ya gari. Inafanya kazi?

Inafanya kazi kwa wiki moja, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Ndani ya seli iliyokaa miaka bila kazi huota nyuzi ndogo za chuma zinazounganisha chanya na hasi. Ukiipiga umeme mwingi ghafla, nyuzi zinaungua, mita inapanda, mteja analipa anaondoka akicheka. Lakini kitenganishi, yaani utando ulio kati ya chanya na hasi, tayari kimetobolewa, nyuzi zinaota tena. Na ukikosea ukashika sekunde mbili zaidi, seli inatema maji makali usoni. Mimi siifanyi. Anayeifanya angalau avae miwani, na amwambie mteja ukweli.

Naweza kubadilisha ile seli moja tu?

Unaweza, lakini hutapenda matokeo. Seli mpya ya mAh 2000 katikati ya kumi na nne zilizochoka za mAh 900 haziendi mwendo mmoja. Zilizochoka zinajaa kwanza na kuendelea kuchemka wakati mpya bado inakula.

Njia ya mtu asiye na hela, ambayo naiheshimu: chukua pakiti mbili zilizokufa za aina moja na umri mmoja, pima seli zote kwa rezista kama nilivyoeleza, andika dakika kwa kalamu ya alama juu ya kila moja, kisha panga pakiti moja kwa zile zinazokaribiana. Kwa pakiti mbili za volti 12 una seli 20 za kuchagua 10. Haitakuwa mpya, lakini itafunga skrubu za milango ya fundi seremala mwaka mzima.

Ninapofungua, nitegemee nini?

Kwanza vua pete na saa. Si utani. Seli hizi zikipigwa shoti zinatoa makumi ya ampea, na pete ya dhahabu ikigusa ncha mbili inakuwa nyekundu kabla hujavuta mkono.

Skrubu nyingi ni za nyota. Baadhi ya pakiti zimegundishwa, na hizo unazigongagonga kwa nyundo ya mpira kwenye mstari wa maungio badala ya kuchokoa na bisibisi, maana bisibisi ikizama inatoboa seli. Ndani utaona safu za seli zimevikwa karatasi au plastiki, na kwa pakiti zenye shingo, seli moja imesimama juu kabisa ndani ya shingo. Piga picha kwa simu kabla ya kukata kitu chochote. Piga nyingine ukishafunua karatasi. Mpangilio unaonekana rahisi mpaka pale unapokaa na seli 15 mezani, hukumbuki ipi ilitazama wapi.

Kata tepe za nikeli moja moja kwa mkasi. Ukikata mbili kwa pamoja, mkasi wenyewe ndiyo waya wa shoti.

Nilehemu kwa risasi au nichomelee?

Chomelea. Mashine ndogo za kuchomelea nukta zinapatikana siku hizi, na tepe ya nikeli ya milimita 0.15 inashika vizuri. Kama huna mashine, agiza seli zenye vilimi vilivyochomelewa tayari kiwandani, kisha lehemu kilimi kwa kilimi. Joto linabaki kwenye kilimi, halifiki ndani.

Ukilazimika kulehemu juu ya seli ya nikeli yenyewe, tumia chuma chenye nguvu, wati 80 au 100, kwanza piga msasa, kisha gusa sekunde mbili utoke. Watu wanadhani chuma kidogo cha wati 25 ni cha upole, kumbe kinyume chake: kinakaa muda mrefu juu ya seli na kuipika mpaka kitenganishi kinayeyuka. Upande wa chanya, chini ya ile kofia, kuna tundu la kupumulia, na lehemu ikiingia humo umeziba pua ya seli. Seli ya lithiamu usiilehemu kabisa.

Kuhusu tepe: nyingi zinazouzwa kama nikeli ni chuma kilichopakwa nikeli. Kwaruza kipande kwa msasa, kitie kwenye kikombe cha maji ya chumvi, lala. Asubuhi kikiwa na kutu, ni chuma. Kinapitisha umeme kwa shida kuliko nikeli na kinapata joto, na kwa hewa yetu ya pwani kinaoza mapema.

Kuna kitu kidogo chenye nyaya mbili kimebandikwa ubavuni mwa seli. Nikiache?

Hicho ndicho kitu nitakachokizungumzia zaidi kuliko vyote, maana kiliniadhibu.

Ni thamista, kipima joto cha pakiti. Chaja ya haraka inakisoma ili ijue seli zimeanza kuchemka, yaani zimejaa, ikate. Pembeni yake mara nyingine kuna swichi ya joto inayokata umeme moja kwa moja. Miaka yangu ya mwanzo nilijenga upya pakiti ya volti 14.4 ya seremala mmoja jirani. Nilichomelea vizuri, nikaifunga vizuri, ila thamista niliiacha inaning'inia hewani kwenye kona ya boksi, kwa sababu gundi yake ilikuwa imekauka na sikuona umuhimu. Chaja ikaiuliza thamista, thamista ikajibu "huku kwangu baridi". Ikaendelea kusukuma. Nilisikia harufu kwanza, kama sufuria ya plastiki iliyosahauliwa jikoni, nikaigeukia pakiti nikaona ubavu umevimba na lebo imejikunja. Niliichomoa kwa kuvuta waya wa ukutani, nikaisukumia nje kwa fimbo. Haikuwaka moto, ila seli nne zilikuwa zimetema na boksi likawa si boksi tena. Nililipa.

Tangu siku hiyo thamista inarudi pale pale ilipokuwa, imegusana na ubavu wa seli, imefungwa kwa teepu inayostahimili joto na tone la grisi ya joto ile ya kompyuta. Na kabla ya kufunga boksi naipima kwa mita: naibana kwa vidole viwili, omu zinapaswa kushuka taratibu. Zisiposhuka, nyaya zimekatika.

Nimeweka seli mpya kubwa zaidi, za mAh 3000 za nikeli-haidraidi. Chaja ya zamani itafaa?

Inategemea chaja yenyewe, na hapa ndipo wengi wanaharibu kazi nzuri. Pakiti na chaja vilizaliwa pamoja. Ukibadilisha kimoja, kiulize kingine.

Chaja za kale ni za namna tatu. Ya kwanza ni transfoma tu na diodi, haina akili: inatoa mkondo mdogo usiku kucha na wewe ndiye wa kuchomoa. Hiyo inafaa kwa Ni-MH, ila muda unaongezeka. Kanuni ya kuchaji taratibu ni sehemu ya kumi ya uwezo kwa saa 14 hadi 16. Kwa mfano seli ya mAh 1300 inachajiwa kwa mA 130. Seli ya 3000 kwenye chaja hiyo hiyo itataka zaidi ya siku nzima.

Ya pili inahesabu muda. Itakata kabla pakiti kubwa haijajaa. Haina hatari, ila utalalamika kwamba seli mpya hazidumu.

Ya tatu ni ya haraka, inayongoja volti ishuke kidogo pale seli inapojaa. Ni-Cd inashusha milivolti 10 hadi 20 kwa seli, inaonekana wazi. Ni-MH inashusha chini ya nusu ya hapo, na chaja iliyotengenezwa kwa ajili ya kadimi inaweza isiione, ikapitiliza. Kama thamista ipo na imebandikwa sawasawa itakuokoa. Kama haipo, usiweke Ni-MH kwenye chaja hiyo.

Kwa pakiti yoyote niliyoijenga, chaji ya kwanza naifanya taratibu, saa 16, ili seli zote zifike juu pamoja.

Chaja yangu imetoka Japani. Nichomeke tu?

Geuza usome. Ikiandikwa 100V peke yake, ukiichomeka kwenye volti 230 za Tanzania au 240 za Kenya utasikia mlio mmoja basi. Unahitaji transfoma ya kushusha. Japani yenyewe ina hezi 50 upande wa mashariki na 60 magharibi, kwa hiyo chaja zao nyingi zinakubali zote mbili. Za Marekani ni volti 120 na nyingi ni hezi 60 tu, na zenye transfoma ya chuma hupata joto kwenye hezi 50 hata baada ya kushusha volti. Chaja ya manjano ya mafundi ujenzi wa Uingereza nayo ni volti 110, usidanganywe na neno Uingereza.

Kijijini kwetu hakuna umeme wa gridi. Naweza kuchaji kwa sola?

Unaweza, na njia rahisi ni rezista moja. Chukua pakiti ya volti 12 yenye seli 10 za mAh 1300. Inapokaribia kujaa iko kwenye volti 14.5 hivi, kwa hiyo betri ya sola ya volti 12 pekee haifiki. Lakini ukiwa na adapta ya kompyuta ya volti 19 inayotumia umeme wa betri ya gari, inafika. Tofauti ni volti 4.5, gawa kwa ampea 0.13 unapata omu 35. Weka rezista ya omu 39, ya wati 5. Mwanzoni itavuta kama mA 200, mwishoni mA 115, na rezista itakuwa na uvuguvugu, kwa hiyo isiguse plastiki. Haikati yenyewe. Tega saa ya simu.

Kama unatumia inveta ya bei nafuu, gusa chaja baada ya dakika kumi. Mawimbi yake ya ngazi ngazi huzichemsha baadhi ya chaja.

Kwa nini nisiweke lithiamu moja kwa moja, nyepesi na zina nguvu?

Nawawekea wateja, ila kwa masharti, na la kwanza ni kwamba chaja ya zamani inaondoka mezani. Chaja ya nikeli haijui kusimama kwenye volti 4.2, na lithiamu ikipita hapo inaelekea kwenye moto. Nimeshaletewa pakiti ambayo mwenyewe alitia seli za lithiamu, akaacha mdomo ule ule wa chaja, na mtoto wa nyumbani akaichomeka. Nikitengeneza, nabadilisha mdomo wa kuchajia ili ile ya zamani isiingie hata kwa nguvu.

Seli 3 kwa drili ya volti 12 (zikijaa ni 12.6), 4 kwa 14.4 (16.8), na 5 kwa volti 18 (21). Bodi ya ulinzi ni lazima, na iwe ya idadi hiyo hiyo ya seli, yenye kusawazisha. Seli ziwe za kutoa mkondo mkubwa. Zile za kutoka kwenye betri za kompyuta mpakato hazikutengenezwa kwa kazi hii: drili ikikwama kwenye mninga inavuta makumi ya ampea, na seli ya kompyuta inachemka.

Seli ya 18650 (ile lithiamu ya 18 kwa 65) yenye lebo ya mAh 9900 ni uongo. Za kweli unazokutana nazo sokoni zinaishia karibu 3500, na zile za kutoa mkondo mkubwa huwa na uwezo mdogo zaidi ya huo. Iweke kwenye mizani ya dhahabu: halisi ina gramu 45 hivi. Nimewahi kupima moja ya gramu 28.

Iliyoshuka chini ya volti 2 na kukaa hivyo, usiifufue.

Ni kweli betri ina "kumbukumbu"?

Kidogo sana. Wengi wanachokiita kumbukumbu ni seli zilizoachwa kwenye chaja wiki nzima. Itumie, ichaji, ichomoe.

Kuna unga mweupe kwenye ncha. Ni chumvi?

Ni maji ya seli yaliyovuja na kukauka. Yalikuwa potashi kali. Vaa glavu na miwani, futa kwa pamba yenye siki, kisha maji safi, kausha. Ikiingia jichoni, maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kuacha, halafu hospitali. Seli iliyovuja hairudi kwenye pakiti.

Nina msumeno wa mnyororo wa kale, wa petroli, wenye kuwashwa kwa betri. Mambo ni hayo hayo?

Seli ni za ukoo huo huo na yote ya juu yanahusika. Kazi yake ni nyepesi kwa muda na nzito kwa mkondo: sekunde chache tu za kuzungusha injini, basi. Kwa hiyo usihangaike na uwezo mkubwa, tafuta seli zinazotoa mkondo, na nyaya nene. Usishike kitufe zaidi ya sekunde tano, isipowaka, pumzisha. Ambalo drili haina ni petroli. Toa pakiti kwenye msumeno, ikachajiwe chumba kingine, mbali na dumu. Cheche ya mdomo wa chaja inatosha kabisa. Na kama kamba ya kuvuta bado ipo, itengeneze pia.

Nichajie wapi, na moto ukitokea?

Juu ya sakafu ya saruji au kigae, si kitandani, si kwenye kochi, si chini ya bati saa saba mchana. Asubuhi au jioni. Pakiti iliyotoka kazini ikiwa moto iache ipoe kwanza. Nikeli ikipata joto usiloweza kulivumilia kwa kiganja, chomoa. Lithiamu ikianza kufuka moshi, toka nje na watu wote, moshi ule ni sumu. Ukiweza kufika bila kuuvuta, ni maji mengi, kwa kupoza, baada ya kukata umeme ukutani.

Seli za zamani nizitupe wapi?

Si jalalani, na hasa si kwenye moto wa taka wa jioni. Kadimi inachemka kwenye nyuzi 767 na mvuke wake unaingia mapafuni, na sehemu yake hubaki kwenye figo miaka mingi. Wajapani wa bonde la mto Jinzu, Toyama, waliijua kadimi kupitia mpunga: ugonjwa wa itai-itai, jina lenye maana ya "inauma, inauma", ulitambuliwa rasmi na serikali yao mwaka 1968.

Nairobi kuna WEEE Centre wanaopokea taka za umeme. Tanzania, uliza NEMC, baraza la taifa la mazingira, mkusanyaji mwenye kibali aliye karibu nawe. Mpaka mzigo utoshe safari, mimi nabandika teepu kila ncha na kuzitia kwenye ndoo ya rangi yenye mchanga mkavu, kifuniko juu, chini ya benchi, mahali ambapo mjukuu hafiki.